Tulivyompeleka Dada Sekunda Kufukizwa Mikumi

Tangu turudi, kila anayepita sokoni ananivuta pembeni ya meza yangu ya vitenge na kuniuliza kwa sauti ya chini, eti Yustina, ni kweli mlikwenda kuabudu mawe? Nimechoka kueleza vipande vipande, maana kila mmoja akiondoka na kipande chake anakwenda kukishonea nguo anayoitaka yeye. Kwa hiyo nayaandika yote mara moja. Someni, kisha mniache niuze.

Dada yangu Sekunda mnamjua. Kabla shemeji Gervas hajafariki, hapakuwa na mtu Tabora nzima aliyeweza kumwambia jambo akalikubali mara ya kwanza. Alibishana na padre juu ya urefu wa mahubiri, akabishana na daktari juu ya jina la ugonjwa wake mwenyewe, na yeye na Gervas walibishana tangu chai ya asubuhi mpaka taa inazimwa, na wote wawili walinenepa kwa kazi hiyo. Tulipomzika Gervas, Sekunda akawa anasema "sawa" tu. Ukimwambia ale, sawa. Ukimwambia aache kula, sawa. Majirani wengine walidhani huzuni imemtuliza, na kuna waliomsifu. Wanaume hasa walimsifu sana.

Halafu wakaja ndugu wa Gervas, wakiongozwa na kaka yao mkubwa, Bwana Kasiani, mtu mwenye kitambi cha kuheshimika na haraka zisizo na heshima. Walisema nyumba na shamba la karanga ni vya ukoo, na kwamba Sekunda akapumzike kwa wazazi wetu. Wazazi wetu wote wawili wako makaburini. Sekunda akajibu, "Sawa." Bahati nzuri wazee wa kushuhudia walikuwa hawajatimia siku hiyo, wakaahirisha mpaka kikao kamili baada ya Pasaka. Sisi tukajua wazi kwamba akifika kwenye kikao hicho na "sawa" yake, atatoka na sanduku la nguo kichwani.

Tulijaribu maombi, tukajaribu mshauri nasaha, tukajaribu na mtu mwingine ambaye simtaji kwa sababu ni mteja wangu. Kote Sekunda aliitikia sawa, akarudi vilevile. Ndipo binti yake Neema, anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ambayo watu wake hunywa kahawa wakiwa wamesimama, akaona kwenye simu kambi moja karibu na Mikumi. Mwenye kambi ni Mzungu anayeitwa Henrik, na huendesha ibada ya jasho ya Walakota. Walakota ni watu wa asili wa kule Amerika, wenye nyanda na farasi, ambao serikali ya huko iliwanyang'anya ardhi kisha ikawakataza kusali kwa namna yao. Sasa sala zao zinapatikana Mikumi, pamoja na kifungua kinywa.

Nilimuuliza Neema kama hiyo si nyungu tu, yaani majani, sufuria na blanketi, kitu ambacho tunakifanya hapa nyumbani mtu akipata mafua. Akaniambia, hapana mama mdogo, nyungu ni mvuke, hii ni mvuke wenye nia. Sekunda naye tulimuuliza kama atakwenda. Mnajua alivyojibu.

Tabora mpaka Kidete, pamoja na kuku

Tulichukua treni ile ya zamani, inayokwenda kwa mwendo wa mtu anayefikiria kurudi. Mimi naiamini kwa sababu ikianguka itaanguka polepole.

Dodoma alipanda jamaa mmoja na kuku jike mweupe amefungwa miguu. Akatazama behewa zima, na kama wafanyavyo watu wa aina yake, akamtambua Sekunda papo hapo. Akamwomba amshikie kuku kidogo atafute nafasi. Sekunda akasema sawa, na jamaa akapotelea kwenye behewa la chakula. Kuku akatulia mapajani mwa dada yangu akiwa na uso wa abiria aliyekata tiketi. Baadaye akaja mhubiri, akamuuliza Sekunda kama ameokoka. Sekunda akajibu "sawa", jambo ambalo si jibu la swali lile, lakini mhubiri alilipokea, akamwombea yeye na, nadhani, na kuku.

Kidete treni ikasimama. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa, umepanda juu ya reli na kuacha mchanga, na mafundi walikuwa mbele wakiuchota kwa koleo. Tulikaa pale tangu jua linachomoza mpaka likawa limetupita upande wa pili. Wenyeji wamezoea, treni ikikwama wao hufungua soko. Walikuja na miwa, mihogo ya kuchemsha, ndizi, na maji ya kunawa kwa wale wenye aibu ya kunawa mtoni.

Mwanamke mmoja akamuuzia Sekunda hindi la kuchoma, gumu kama la mbegu. Dada akaling'ata, likakataa, akaling'ata tena. Mwaka mmoja nyuma yule muuzaji angesikia habari zake na za bibi yake aliyemfundisha kuchoma mahindi. Nikaamka kumtetea dada, nikasema hindi hili ni la juzi. Muuzaji hakunijali, alimgeukia Sekunda na kumuuliza kwa upole kama hindi lina tatizo. Sekunda akamwambia liko sawa, na yule mwanamke akanitazama mimi na kuuliza kama ni wakili wa mahindi. Nikakaa chini. Niliona uchungu kiasi kwamba nilitazama dirishani muda mrefu, na dirishani kulikuwa na mchanga tu.

Treni ilipofika Kilosa, mwenye kuku akatokea akipangusa mdomo. Akamchukua kuku wake, akamgeuza huku na huku, akamuuliza dada yangu kwa nini hakumpa maji. Wala asante hakusema. Sekunda akamwambia sawa. Hapo ndipo nilipoamua moyoni kwamba kama kuna mawe yatakayomrudisha mwanamke huyu, nitayapigia magoti, na padre atanielewa mbele ya safari.

Kilosa mpaka kambini, kwa kupitia Ulaya

Kambi ilikuwa imetutumia gari. Dereva, Bwana Shabani, alikwenda kutusubiri kwenye stesheni mpya ya treni ya umeme, kwa sababu hakufikiria kwamba watu wanaolala kwenye kambi ya Mzungu wanaweza kuja na treni ya zamani. Sisi tulikaa stesheni ya zamani, mjini, tukitazama kila gari kwa matumaini. Simu yangu ilikuwa imekufa tangu Kidete. Tulikula chipsi mayai, tukanywa chai, tukala tena, mpaka mwenye kibanda akaanza kutuita shangazi. Bwana Shabani alipotupata hatimaye alikuwa amekasirika kama sisi ndio tuliopotea, na Sekunda akampa pole.

Barabara ya kwenda Mikumi ilikuwa ya matope, na mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe wa wafugaji ambao hawana haraka na serikali yoyote. Katikati ya njia kuna mahali panaitwa Ulaya. Tulipita Ulaya tukiwa tumefunga vioo kwa ajili ya nzi, tukanunua nyanya, tukaendelea. Ninyi mnaojidai na ndugu zenu walioko nje, mimi sasa nimefika, na nyanya zao ni nzuri.

Kambi iko kabla ya mji wa Mikumi, chini ya vilima. Henrik alitupokea akiwa pekupeku, ameweka unyoya kwenye kofia. Ni mrefu, ana mgongo wa mtu aliyegonga vizingiti vingi vya milango. Kiswahili chake ni safi kuliko changu, ila anakitamka polepole, na kila neno analitazama kwanza. Alisema huko kwa Walakota alipewa jina la Tai Anayesubiri. Bwana Shabani, nyuma yangu, akanong'ona kwamba hapa kijijini wanamwita Mzee wa Turubai.

Nilimuuliza Henrik kama Walakota wenyewe wanajua. Akasema mzee mmoja wa kule alimpa ruhusa. Nikamuuliza kama yule mzee alijua ruhusa ingefika hadi Mikumi. Akatabasamu akasema roho haina mipaka. Nimeona kwamba maneno hayo hupendwa sana na watu ambao hawajawahi kunyimwa viza.

Kambini, ambako njaa ni sehemu ya mpango

Tulikuwa wageni wawili tu. Kulikuwa na wengine wa kutoka kwao Henrik, lakini mafuriko yaliwafanya wabadili nia, na duara la Henrik likabaki na pengo. Alisema duara likiwa na pengo maombi yanavuja. Kwa hiyo akawaalika wanawake wa kijiji wanaomuuzia mboga, wakiongozwa na Bi Debora, mkulima wa milimani, mwenye umri wa kuamkiwa na kila mtu na meno ya kutosha kucheka. Bi Debora alikuja na wenzake watatu na sufuria ya ugali na mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga.

Henrik akaeleza kwa huzuni kwamba siku ya ibada watu hufunga. Bi Debora akasema yeye ni Mwanglikana, anajua kufunga, na Kwaresima hii amefunga vizuri, lakini hajawahi kusikia mtu anaalikwa kwa mtu ili akakae na njaa. Walikula nyuma ya jiko, nasi tukala nao. Henrik alitembea kuelekea upande mwingine akitazama miti.

Kisha akatugawia tumbaku, kila mmoja kidogo, na vitambaa vyekundu. Tulitakiwa kufunga tumbaku kwenye kitambaa huku tukiweka ombi moyoni, halafu vifurushi vitundikwe ndani. Mimi nilifunga cha kwangu vizuri, maana vitambaa ni kazi yangu. Sekunda alifunga alivyoelekezwa. Bi Debora na wenzake wakanusa tumbaku, wakatazamana, wakaisaga viganjani. Henrik alipokuja kukusanya maombi akakuta vitambaa vinne vitupu na wanawake wanne wanapiga chafya. Bi Debora alimshukuru, akasema ni ugoro mzuri ila umekauka mno, siku nyingine auchanganye na magadi kidogo.

Aliyechochea moto alikuwa mlinzi wa kambi, mfugaji wa makamo anayeitwa Lemomo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuyapasha mawe mpaka yawe mekundu na kuyaleta kwa uma wa kuzolea majani. Nilimuuliza anaionaje ibada hii. Akasema yeye ameajiriwa kulinda, na mpaka sasa hakuna aliyeiba mawe.

Kibandani

Kibanda chenyewe ni fito zilizopindwa na kufunikwa blanketi, na juu ya blanketi maturubai ya bluu yale ya kuanikia mpunga. Unaingia kwa kutambaa, unazunguka kufuata jua, unakaa chini umeukabili ukuta wa watu wengine. Katikati kuna shimo la kupokelea mawe. Ilikuwa alasiri, na manyunyu yalikuwa yameanza. Henrik akaingia wa kwanza, akatuagiza tumfuate mmoja mmoja kwa ukimya mtakatifu.

Bi Debora akapiga magoti mlangoni na kupiga hodi. Ndani kimya. Akapiga tena. Henrik alikuwa mle anaheshimu ukimya wake, na Bi Debora alikuwa nje anaheshimu nyumba ya mtu, na sisi tulikuwa nyuma yake kwenye mstari, tumepiga magoti kwenye manyunyu tukiwa na khanga tu. Hodi ya tatu Henrik akashindwa, akasema karibu. Bi Debora akaingia. Wa pili naye akapiga magoti, akapiga hodi.

Tulipokwisha kukaa, Henrik akaeleza kwamba ibada ina milango minne, yaani mizunguko minne, na kwa kila mlango yataletwa mawe. Akasema mawe haya tusiyaone kama mawe. Haya ni mababu. Ni wakongwe kuliko sisi sote, wanakuja kutusikiliza, na kila moja likiingia tulikaribishe kwa heshima kama babu. Alilisema jambo hili kwa unyenyekevu wa kweli, na sina shaka ndivyo alivyofundishwa. Kosa lake lilikuwa kuwaambia wanawake wa Kilosa.

Lemomo akaleta jiwe la kwanza, jekundu, akaliteremsha shimoni.

"Shikamoo babu," wakasema wanawake wote kwa pamoja, nami pia, kabla sijajua nimesema.

Kukawa kimya. Tulikuwa tunangoja marahaba. Henrik, ambaye hakujua tunangoja nini, akamwagia maji, na jiwe likatoa sauti ndefu ya mvuke. Bi Debora akasema ameitikia, na wote wakatulia.

Mlango ukafungwa, giza likawa giza kabisa. Henrik akaimba wimbo wa Kilakota. Joto lilishuka kutoka juu likanishika masikio kwanza. Nawaambia kweli, nyungu ya nyumbani ni salamu tu. Nilitaka kutoka. Henrik alisema anayezidiwa alaze uso ardhini, nikalaza, nikakutana na udongo wenye harufu ya mvua na kisigino cha mtu. Kwa mbali niliona nuru, nikafikiri ndiyo hiyo sasa. Lilikuwa tundu la turubai.

Mlango wa pili, yakaja mawe mengine, shikamoo nyingine zikatolewa. Na hapo ndipo Bi Debora alipokumbuka haki zake. Ninyi wote mmelelewa na mababu, mnajua. Babu huamkiwa mara moja, basi, baada ya hapo ni mumeo. Anakuita mke wangu tangu hujaota meno, nawe ukikua unamdai matumizi. Hakuna babu anayeheshimiwa kwa kunyamaziwa, huyo atadhani mmemkasirikia.

"Huyu mume wangu anakuja amewaka hivi," Bi Debora akasema gizani, "ametoka kwenye pombe ya nani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaliambia jiwe la pili kwamba mwaka mzima hajamnunulia khanga, na leo amekuja mikono mitupu, tena amemletea joto. Mwingine akasema wa kwake anakoroma, msikilizeni. Wakagawana mawe yote kila mtu mume wake, na wakawa wanayagombeza kwa zamu.

Henrik akaomba utulivu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeumia kwamba mababu ni watakatifu. Bi Debora akamjibu kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kufunga kiatu.

"Mwanangu, wewe umesema ni babu. Babu nimsemeshe vipi, kama polisi?"

Nadhani hapo Henrik alipotewa. Alimwaga maji tu, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa nacho mkononi. Mvuke ukapanda, na katika ule mvuke Bi Debora akauliza yule mgeni wa Tabora, aliyekaa karibu na mlango, mbona hamsemeshi mume wake.

Sekunda akasema, "Sawa."

"Sawa nini, mama?" Bi Debora akamuuliza. "Mwanamume amechelewa hivi, hakuaga, wewe unamwambia sawa?"

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia dada yangu anavuta pumzi, na pumzi ilikuwa ya moto kwetu sote. Nilimtafuta mkono gizani sikuupata.

"Gervas," akasema.

Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina hilo. Nililala pale na uso wangu kwenye udongo nikiogopa hata kukohoa.

"Gervas, ulisema ni gesi. Nilikuambia twende hospitali, ukasema tumalize kwanza karanga. Nikasema sawa." Sauti yake ilikuwa inatafuta njia. "Maisha yangu yote nimekubishia. Nimekubishia mpaka juu ya chumvi. Siku ile nilikuona umechoka, nikasema leo nimpumzishe huyu mwanamume, nisibishane naye. Siku moja tu. Na wewe ukaichagua hiyohiyo. Mjinga wewe. Mjinga mkubwa. Na karanga zenyewe zilioza."

Kisha akalia. Si kilio kile cha msibani kinachoangalia nani amefika. Alilia kwa hasira, akipiga ardhi kwa kiganja, na wale wanawake wakawa wanamwitikia, ehee, mwambie, mwambie huyo. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Hakuna aliyemwambia ni mapenzi ya Mungu.

Mnataka kujua kama niliona kitu. Sikuona kitu, kulikuwa giza. Lakini mimi, nisiyeamini hata utabiri wa mvua, nilijua kwamba Gervas yuko mle anasikiliza. Nilijua kama ninavyojua nikiwa jikoni kwamba mtu amefungua mlango wa mbele. Niliogopa, halafu hofu ikaondoka, nikabaki nampenda kila mtu aliyekuwa kwenye lile banda, hata mwenye kisigino. Hali hiyo ilidumu mpaka tulipotoka nje na mbu wakatukuta.

Nimpe Henrik haki yake. Sekunda alipoanza kusema, aliacha kuimba, akaacha na kumwaga maji, akakaa kimya mpaka mwisho. Huo ndio ukimya wake pekee uliokuwa mtakatifu siku ile. Mlango wa nne alisema yale maneno ya kufungia ya Walakota, yenye maana ya kwamba viumbe wote ni ndugu zangu, na wanawake wakasema amina.

Jioni alikuja kutuambia jinsi mawe yalivyofanya kazi kubwa. Alimwomba pia Bi Debora ruhusa ya kuweka utani wa mababu kwenye ratiba yake, kwa ajili ya wageni wajao. Bi Debora akamwambia angoje kwanza apate wajukuu.

Lemomo alikuwa anazima moto. Alisema mawe ni mawe, yeye mwenyewe ndiye aliyeyaokota. Akasema kwao mwanamume akiugua moyo wenzake wanakwenda naye porini, wanachinja, anakula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka aanze kugombana na watu, na akianza kugombana wanarudi naye nyumbani. Nikamuuliza wanawake wao je. Akasema wanawake wao wanagombana bila kuchinja.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi. Reli ilikuwa imesafishwa, treni ilisimama kila mahali isipokuwa pale tulipotaka kununua kitu. Kilichonitesa ni kwamba Sekunda hakusema chochote. Hakusema sawa, hakusema si sawa. Mtu akimuuliza jambo alimtazama tu kwa makini, kisha akageukia dirisha. Neema alipiga simu mara nyingi kuuliza kama imefanya kazi, nikamwambia mama yako ametoka jasho, hilo nina uhakika nalo. Nilianza kufikiri tumempoteza hata kwenye lile neno moja alilokuwa amebaki nalo, na nililia chooni, na mnakijua choo cha treni, si mahali pa kulilia.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Sekunda. Baadhi yenu mlikuwepo nje mkijifanya mnapita. Bwana Kasiani alikuja na wazee wake wametimia safari hii, akakaa kwenye kiti kikubwa cha mbao, akapewa chai. Sekunda mwenyewe ndiye aliyemimina. Kasiani akazungumza juu ya ukoo, juu ya desturi, juu ya mjane kupumzika. Alizungumza vizuri, na wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwishoni akamgeukia akamuuliza, shemeji, tumeelewana?

Sekunda akaweka birika chini.

"Kunywa chai yako, shemeji, wewe ni mgeni. Ukimaliza uinuke kwenye kiti changu, utoke kwenye nyumba yangu, na ukipita shambani kwangu usiguse hata jani la karanga."

Bwana Kasiani alicheka kidogo, cheko la mtu anayesubiri wengine wacheke. Akamkumbusha kwamba siku ile alikwisha kukubali, alisema sawa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nilisema," dada yangu akajibu. "Na kabla yako nilimwambia mdogo wako sawa, mara moja, nikamzika. Nikuambie tena?"

Bwana Kasiani aliiacha chai ikiwa nusu.